Tusihifadhi Mawe Tukazika Lugha

Wahenga walisema tembea uone. Mwaka jana, baada ya kongamano la wanaisimu nchini Italia, nilibakiwa na siku mbili, nikazitumia kuuzuru mji wa Turin. Sikuuchagua hivi hivi. Kwetu Kanyakine, Imenti Kusini, jina la Consolata tumelizoea tangu utotoni kwa sababu ya hospitali iliyoko Nkubu, na jina hilo asili yake ni Turin. Padri Giuseppe Allamano, aliyekuwa mkuu wa kanisa la Consolata mjini humo, ndiye aliyeasisi shirika la wamishenari wa jina hilo mwaka 1901. Mwaka uliofuata, wa kwanza wao wakawasili Kenya.

Niliingia katika kanisa hilo. Nikaliona pia jumba ambamo bunge la kwanza la Italia lilikutana mwaka 1861, Turin ikiwa mji mkuu. Katika makumbusho ya Misri, yaliyoasisiwa mwaka 1824, nikatazama maandishi ya Waafrika wa kale yaliyohifadhiwa nyuma ya vioo. Hapana shaka watu hawa wanajua kutunza.

Hata hivyo, sikio la mwanaisimu halipumziki. Mkahawani, mzee mmoja alimsemesha mjukuu wake kwa Kipiemonte, lugha ya jimbo hilo. Kijana akajibu kwa Kiitaliano. Nilipomdadisi mzee, alisema mjukuu huelewa, ila hasemi. UNESCO imeiorodhesha lugha hiyo miongoni mwa zilizo hatarini kutoweka, na sheria ya Italia ya mwaka 1999 inayolinda lugha 12 za jamii ndogo haikuitaja. Mawe yametunzwa, lugha imeachwa.

Sikuthubutu kumlaumu mzee yule. Wanangu, waliozaliwa Nairobi, humwamkia nyanya yao wa Kanyakine kwa Kiingereza, naye hutabasamu tu, asipate la kujibu. Baba yao ndiye huyu anayehubiri chuoni thamani ya kila lugha! Shuleni nilikosomea, aliyenaswa akisema Kimeru alivishwa kibao shingoni. Kibao nilikivua zamani. Aibu yake, naona, niliwarithisha wanangu.

Wapo wanaodai kwamba lugha za mama huchochea ukabila. Siafiki. Ukabila huchochewa na wanasiasa wanaogombania vyeo, si na mtoto anayejua kumsalimu nyanya yake. Wala Kiswahili hakipungukiwi na chochote: aliyelelewa akisema muntu hashindwi kujifunza mtu.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi. Ni vyema, lakini katiba haiwezi kuketi jikoni na kuzungumza na mtoto. Kazi hiyo ni ya mzazi. Likizo ijayo nitawapeleka wanangu Kanyakine wakae na nyanya yao mwezi mzima, nami nitajizuia kuwa mkalimani. Nawasihi wazazi wenzangu wafanye vivyo hivyo wangali na wa kuwafundisha. Usiache mbachao kwa msala upitao.