Ufa Usioonekana

Toleo hili tumelikusudia si kwa mgonjwa wa sonona aliye kitandani, bali kwa yule aliyekwisha kuinuka, akarudi kazini na kupongezwa na jamaa zake. Maana katika saa hiyo ya faraja, ambapo kila mtu amelegeza hadhari yake, ndipo maradhi haya hupata mwanya wa kurejea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Lakini ufa wa sonona haumdhihirikii jirani, na aghalabu hata mwenye nyumba huuona ukiwa umekwisha kupanuka.

Wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale walitambua kwamba huzuni ndogo, ambayo kwa mwingine ingepita kama wingu la asubuhi, kwa aliyewahi kuugua huamsha fikra za kale za kujilaumu, na fikra hizo huizidisha huzuni, hata nafsi ikatumbukia tena shimoni. Basi walitunga mafunzo ya majuma 8, ambayo humzoeza mtu asigombane na fikra hizo wala asizisadiki, bali azitazame zikija na zikienda, na atulie japo dakika 3 akiifuata pumzi yake. Majaribio yao, yaliyochapishwa mwaka 2000, yalionyesha kuwa waliofaidika ni wale waliokwisha kuugua mara 3 au zaidi.

Kwa kuwa walimu wa fani hiyo ni wachache, Segal na mwenzake Sona Dimidjian waliyapitisha mafunzo hayo katika intaneti. Huko Colorado, Marekani, watu 460 waliopata nafuu lakini wakasaliwa na dalili waligawanywa kwa kura mafungu mawili: la kwanza likaendelea na matunzo ya kawaida, la pili likapewa matunzo yale yale na kuongezewa mafunzo, na matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalidhihirisha kwamba waliorudiwa na maradhi katika fungu la pili walikuwa wachache zaidi.

Hoja yetu imo katika neno moja: kuongezewa. Anayedhani kwamba mafunzo ya intaneti yatamwondolea gharama ya tabibu ameisoma habari hii kinyume, kwani hapakuwa na aliyenyang'anywa tabibu wake wala dawa yake. Basi wewe uliyepona, usiache dawa pasipo shauri la tabibu. Na wewe jamaa wa aliyepona, baada ya kumpongeza, endelea kumjulia hali.