Sukari si ugonjwa wa matajiri: wahami wa vita wapimwe

Huko Kivu ya Kaskazini, mhami wa vita akisema anaugua sukari, watu humcheka. Eti huo ni ugonjwa wa matajiri. Ataupata wapi mtu anayekula bukari mara moja kwa siku, chai yenyewe haioni? Wengine husema amelogwa. Maneno hayo ni ya uongo, na yanaua watu.

Sukari ya damu haitoki kwenye chai peke yake. Mtu akisikia risasi, mwili wake hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Homoni hizo hulisukuma ini kumwaga sukari katika damu ili miguu ipate nguvu ya kukimbia. Wakati huohuo, zinapunguza kazi ya insulini, ile inayoingiza sukari katika seli za mwili. Kwa saa moja ya hatari, hilo linaokoa maisha. Lakini mama aliyekimbia Masisi, akakimbia tena Sake, kisha mwezi wa pili 2025 kambi ya Bulengo ikavunjwa akiwa ndani yake, hofu yake itaisha lini? Usiku halali, mchana anawaza shamba na watoto. Sukari inapanda na kubaki juu.

Si kila mwenye mawazo mengi atapata ugonjwa huu. Lakini hofu ya miezi na miaka inaongeza hatari, na kwa aliye mgonjwa tayari inafanya dawa ishindwe kazi. Tena anayepewa unga wa mahindi tu ataambiwaje achague chakula?

Mashirika ya misaada yanapigana na kipindupindu na malaria, na ni haki. Ila sukari nayo inaua, polepole na bila kelele. Kuna wanaojitetea kwamba insulini inataka frigo, na kambini hakuna frigo. Hoja hiyo imekwisha kujibiwa. Katika kambi ya Dadaab, Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza jambo hilo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021: chupa ya insulini iliyofunguliwa ilidumu wiki nne katika joto la kati ya digrii 25 na 37 bila kupoteza nguvu. Goma haina joto la Dadaab. Kinachokosekana ni nia.

Kupima kunataka tone moja la damu, na jibu linatoka chini ya dakika moja. Kila kituo cha afya kinachopokea wahami kiwe na kipimo hicho, na dawa zitolewe bure. Na mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mara kwa mara, anayekonda au mwenye kidonda kisichopona asingojee mganga wa kienyeji. Aende apimwe, na jirani asimcheke.