Kadi ya Kompyuta: Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nilikuwa nikiikariri darasani kama kasuku. Maana yake niliipata likizo ya Agosti mwaka jana, tena kwa hela zangu mwenyewe.

Mimi na kaka yangu tuliweka akiba mwaka mzima. Yeye alitoa kidogo katika kibarua chake cha mjengo, nami nilikuwa nikitembea kwenda na kutoka shule ili nauli ya matatu ibaki mfukoni. Mama naye alituongezea zamu yake ya chama ilipofika. Tukanunua kompyuta ya mtumba, Dell OptiPlex ile ndogo iliyotumika ofisini. Zikabaki shilingi elfu saba za kadi ya grafiki, yaani kadi inayochora picha za michezo kwenye skrini.

Muuzaji mmoja mjini alituita hata kabla hatujamsalimu. "Vijana, hii ni GTX 1050 Ti, giga nne, moto wa kuotea mbali!" Elfu saba kamili. Tukalipa mbio mbio, wala hatukuomba kuijaribu.

Wee! Kufika nyumbani, kadi ikataka waya wake wa umeme, na kompyuta yetu haina waya huo. Tukaipeleka kwa fundi mtaani. Akaitia katika kompyuta yake kubwa, akafungua programu ya bure iitwayo GPU-Z, nayo ikaandika waziwazi kuwa kadi ni bandia. Ilikuwa kadi kuukuu iliyobadilishwa jina. Tuliporudi dukani tukaambiwa ati mali ikiuzwa hairudishwi. Mama hakutugombeza. Aliuliza tu, "Na mliiona ikifanya kazi?" Swali hilo liliniuma kuliko kiboko.

Ndiyo maana nashika kalamu. Maoni yangu ni kwamba sisi wenye hela kidogo hununua kadi kinyumenyume. Tunaanza na jina na giga, kisha tunakumbuka kompyuta yenyewe tukiwa tumeshalipa. Yafaa kuanza na kompyuta.

Kwanza, tazama umeme. Tundu la kadi kwenye kompyuta hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi lazima iletewe waya kutoka pawa saplai, na kompyuta nyingi za ofisi hazina waya huo. GTX 1050 Ti halisi ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zimepimwa wati 75, ingawa si kila toleo. Mengine yana tundu la waya. Kwa hiyo igeuze kadi uikague kwa macho. Tena pima kasha. OptiPlex ndogo hukubali kadi fupi pekee, ile yenye bamba la nusu kimo.

Pili, giga si mbio. Chukua mfano wa GT 1030. Ile ya mwaka 2017 yenye memori ya GDDR5 hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaletwa nyingine kwa jina lilo hilo, yenye DDR4, nayo hupitisha takriban 17. Zote mbili ni giga mbili! Anayesoma jina tu atadhani amepata bahati kwa bei nafuu, kumbe amenunua kobe akidhani ni sungura.

Tatu, kadi ya mtumba isilipiwe kabla haijawashwa. Kadi nyingi zilikuwa zikichimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana, hadi mtandao huo ulipoacha uchimbaji wa aina hiyo Septemba 2022, zikamwagwa sokoni. Sisemi zote ni mbovu. Nasema mwombe muuzaji aiwashe, aendeshe mchezo angalau nusu saa, usikilize feni na utazame skrini. Akikataa, mwache na mali yake.

Najua wapo watakaonipinga. Rafiki yangu mmoja hushikilia kwamba heri RX 580 ya giga nane, kwa kuwa ina nguvu zaidi. Ni kweli ina nguvu, lakini hula wati 185. Kwa aliye na kompyuta kubwa yenye pawa saplai nzuri, asemalo ni sawa. Kwa mwenye kompyuta kama yetu, itabidi anunue pawa saplai na pengine kasha jingine, na hapo ile nafuu imekwisha. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Wapo pia walimu watakaouliza, mtoto wa shule ya kutwa na michezo ya kompyuta wapi na wapi? Kwa heshima zote, walimu wangu, wati nilifundishwa katika Fizikia na nikapata alama nzuri. Lakini nilipofika dukani, sikujua kwamba somo lile lingeweza kuokoa shilingi elfu saba za mama. Laiti ningeuliza swali moja tu, "Inakula wati ngapi?", ningekuwa nimetumia elimu yangu.

Kadi ile bado iko juu ya kabati. Kaka alitaka kumuuzia mtu mwingine, nikakataa, kwa maana huyo mtu naye ana mama yake. Kwa sasa tunacheza michezo ya zamani inayowezwa na prosesa yenyewe, nami natembea tena asubuhi na jioni.

Basi mwenzangu, ukienda kununua, andika kwenye karatasi wati, kimo cha kasha na aina ya memori. Muuzaji aisome karatasi yako kabla wewe hujasikiliza sifa zake.