Aliyeugua Akili Ana la Kuuliza

Kuna imani iliyoota mizizi huku kwetu, kutoka Nyangwe hadi Kabambare, na hata wauguzi waliosoma wanayo: aliyewahi kuugua akili ni wa kuchunguzwa, si wa kuulizwa nini kichunguzwe. Ndugu zake nao, eti, wana uchungu tu, hawana ujuzi.

Mtu wa Nyangwe angepaswa kuwa wa kwanza kuikataa. Mauaji ya soko letu ya Julai 1871 dunia inayajua kwa shajara ya Livingstone, mgeni aliyekuwa akingoja mitumbwi avuke Lualaba. Kina mama waliouza pale, waliolijua soko kuliko yeye, hawakuachiwa hata ukurasa.

Kasongo, jirani yetu, si mgeni wa utafiti. Mradi wa afya ulioendeshwa na Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp ulianza miaka ya 1970, na mwaka 1981 jarida la Lancet likachapa matokeo yake kuhusu chanjo ya surua. Surua huhesabika: mtoto kachanjwa au la, yu hai au kafa. Maradhi ya akili hayaingii kwenye visanduku hivyo. Fomu ya muuguzi itauliza kama dawa imemezwa. Haitauliza kwa nini mama anamficha mwanawe haloperidol siku ya shamba: humkaza shingo, mikono ikatetemeka, jembe lisishikike. Kwenye fomu familia hiyo ni kaidi. Nyumbani ni hesabu ya muhogo. Utafiti ulioanzia kwenye swali la mama ungechunguza kipimo cha dozi na saa ya kuimeza. Ulioanzia ofisini utapendekeza semina ya kuelimisha jamii. Tumeshiba semina.

“Mwendawazimu hawezi kuridhia,” wanasema. Siku amezidiwa, kweli. Lakini maradhi haya hupanda na kushuka, na mwenye malaria iliyopanda kichwani naye huweweseka. Akipona hatumwambii anyamaze maisha. Pale Butabika, Kampala, watu waliowahi kuugua wamefunzwa kuwasaidia wagonjwa wenzao, na kazi hiyo imeingia katika utafiti wa UPSIDES uliozihusisha pia Dar es Salaam, Ulm na Hamburg.

Wala kumwita mlezi peke yake hakutoshi. Mama anataka usiku upite kimya. Kijana anataka kuamka na nguvu. Mara nyingi hawakubaliani, na mtafiti anayemsikiliza mmoja ataandika nusu ya nyumba. Kila mmoja apewe kiti chake, na posho yake pia. Mtafiti analipwa safari na malazi. Mgonjwa aliyeacha kibarua chake hupewa soda, kisha akaelekezwa pa kutia kidole gumba.

Kabla pendekezo lolote la utafiti wa uuguzi wa akili halijapelekwa kwenye kamati ya maadili, liwe na majina ya mgonjwa na mlezi miongoni mwa waliotunga maswali. Ukurasa wa shukrani hauhesabiki.