Fursheti ya Osaka

Nilipokuwa masomoni Osaka, jioni moja nilimpeleka mchumba wangu kula yakiniku, yaani nyama ya kuchoma, huko Tsuruhashi, mtaa wenye wakazi wengi wa asili ya Korea. Kila meza ina jiko katikati. Nyama huletwa mbichi, mkajichomea wenyewe kwa koleo. Vijiti vya kulia vilimshinda mwenzangu, mzaliwa wa Lubumbashi. Akaniambia: “Niombee fursheti.”

“Sema uma,” nikamsahihisha. Akanyamaza. Nyama yake ikaungua mbele yake, asiigeuze.

Nikamwita mhudumu, nikaomba “fōku”. Hapo aibu ikanishika. Neno hilo Wajapani wamelitoa kwa Waingereza, wakalitia irabu mwishoni. Hata majina ya nyama yalikuwa ya wageni: karubi, nyama ya mbavu, ni la Kikorea, tan, ulimi, ni la Kiingereza. Sikumsikia mtu akilalamika kwamba Kijapani kimeharibika.

Basi kwa nini sisi wa kitivo cha lugha tunawacheka wanaosema fursheti? Wamelipokea neno la Kifaransa na kulitia irabu, kama wazee walivyoipokea meza kutoka kwa Wareno. Kufundisha Kiswahili sanifu darasani ni kazi yetu, nami naiunga mkono. Lakini mtihani usiwafuate watu hadi kwenye chakula.

Nilimwomba msamaha. Akaniwekea kipande kilichoiva, akasema: “Haya, kula, mwalimu.”