Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri Yetu: Mashine Imeuzwa, Uhakiki Bado Unaendelea

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: MKOPO WA KIKUNDI CHETU NA TARAKIMU MBILI ZILIZOGEUZWA OFISINI KWAKO

Halmashauri yako sitaitaja hapa, maana barua nilizoleta masjala zinaitaja vya kutosha. Zote zina muhuri wa kupokelewa. Kilichokosekana ni majibu tu.

Sisi ni wanawake sita. Tuliomba mkopo wa lile fungu la asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri ili tununue mashine ya kukamua alizeti. Fungu hilo unalijua kuliko mimi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Unajua pia kwamba lilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na marejesho yasiyoonekana, likarejeshwa 2024 na masharti mapya ya uhakiki. Masharti hayo tuliyapokea kwa furaha. Aliye hai haogopi kuhakikiwa. Ndivyo tulivyodhani.

Fomu tuliijaza kwenye simu, namba zote sita za kitambulisho cha taifa, za NIDA, tukazihakiki mara mbilimbili. Tulipomaliza tukaelekezwa tuiprinti, tuisaini, tuambatanishe kopi za vitambulisho zilizogongwa muhuri na wakili, kisha tupeleke ofisini. Tukapeleka. Kijana wako akaipokea kwa heshima, akaiweka ubavuni mwa kompyuta, akaanza kuichapa upya kwenye mfumo mwingine. Karatasi iliyotoka kwenye kompyuta ikarudi kwenye kompyuta kwa vidole viwili, huku mwenyewe akijibu simu. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa ule wa kwanza ni mfumo wa maombi, huu ni wa ofisi, na haijaunganishwa.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Mwenzetu mmoja kazaliwa 1967. Kwenye kompyuta ya pili akazaliwa 1976. Hakuna kilicholia, hakuna kilichokataa. Orodha ikapelekwa juu kuhakikiwa, ikakaa huko wiki kwa wiki, ikarudi na maneno mawili: taarifa hazilingani. Kwa kuwa mmoja hakulingana, wote sita tukawekwa pembeni. Mfumo uliowekwa kuwanasa watu hewa ukamnasa mwanamke wa kilo themanini aliyesimama mbele ya kaunta.

Siku tulipoambiwa hivyo ofisa alinigeuzia kioo nikaona mwenyewe. Nikamwonyesha kwa kidole: sita na saba zimebadilishana nafasi, na kopi ya kitambulisho hii hapa mezani kwako. Akasema, "Naona, mama. Lakini kitufe cha kusahihisha hakipo kwangu." Kipo wapi? Hakujua. Alichojua ni kwamba mwenzetu alete barua ya mtendaji wa kata na hati ya kiapo kuthibitisha kwamba alizaliwa mwaka aliozaliwa. Yaani aape mbele ya sheria kwamba kosa la karani si lake, na nauli ajilipie. Aliapa. Alipoleta kiapo, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa.

Sasa nifike kwenye mashine. Mzee aliyekuwa anatuuzia alitupa hadi mwisho wa Mei. Advansi niliitoa mimi, shilingi milioni moja na laki mbili, fedha yangu mfukoni, kwa sababu mashine nzuri iliyotumika haikai sokoni. Mkataba ulisema tusipomalizia kwa wakati advansi hairudi. Mzee simlaumu, alisubiri hadi Juni ikaingia. Mashine akaiuza kwa mfanyabiashara wa malori, na sasa iko barabara ya sokoni, inanguruma kutwa nzima. Alizeti yetu tunaipeleka pale pale, tunalipia kukamuliwa, na mashudu anabaki nayo yeye. Mashudu ndiyo tuliyopanga yalipe marejesho ya mkopo wako, Ndugu Mkurugenzi. Nani atalipia mashine ile? Si swali la mapambo, naomba lijibiwe kwa maandishi.

Wenzangu nao wana hasara zao. Mmoja alikopa kwa riba mtaani, na yule ambaye jina lake lilikwama hahudhurii tena vikao kwa aibu isiyo yake. Narudi kwenye mashine kwa sababu ndiyo ninayopita mbele yake kila niendapo sokoni.

Tafadhali usiniambie ni suala la teknolojia. Mwaka 2019 serikali ilitutaka sote tusajili laini za simu kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kazi hiyo ilifanywa na vijana wanaokaa chini ya miavuli stendi. Kijana wa namna hiyo hana ofisi, hana kiyoyozi, hana gari la idara. Unamtajia namba, unaweka dole gumba kwenye kifaa kidogo, jina lako linatokea hapo hapo. Benki iliyotufungulia akaunti ya kikundi ilitutambua kwa namna ile ile. Nashindwa kuelewa jinsi ambavyo kijana wa mwavuli anaweza kuniuliza mimi ni nani na kujibiwa papo hapo, halafu halmashauri nzima isiweze.

Na nyinyi wenyewe mnaweza sana, mkitaka. Tangu 2017 serikali ina mfumo wa kielektroniki wa kukusanya malipo yake. Nikipewa namba ya malipo ya leseni, naiingiza kwenye simu, kwa wakala au benki, mahali popote, na jina la ofisi pamoja na kiasi vinatokea bila kukosea hata senti. Sijawahi kuambiwa niende kwa wakili agonge muhuri kwamba elfu hamsini ni elfu hamsini. Kumbe mifumo ya serikali husomana vizuri tu. Tatizo huanza pale pesa inapotakiwa kutoka kwenu kuja kwetu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliunda mamlaka ya kuratibu na kusimamia mambo haya, na mamlaka hiyo ilishatengeneza mfumo wa taasisi kubadilishana taarifa. Rais Samia mwenyewe ameagiza hadharani mifumo isomane. Huku kwetu waya unaounganisha ofisi na ofisi bado ni sisi: mwananchi anabeba karatasi kutoka kaunta hii hadi ile, na waya ukikatika, analaumiwa waya.

Nafahamu pingamizi litakalokuja: kuunganisha kila kitu ni hatari kwa faragha. Ni kweli, na jirani zetu Kenya walilipata somo hilo. Huduma Namba, mpango wao wa kuwatambua wananchi kidijitali, ilianza kuandikisha watu 2019. Januari 2020 Mahakama Kuu ikaisimamisha hadi uwepo utaratibu kamili wa kisheria, na Oktoba 2021 ikaukwamisha tena utoaji wa kadi kwa sababu athari kwa faragha hazikupimwa kwanza. Lakini mimi siombi daftari moja kubwa lenye habari zangu zote. Naomba ofisi yako iulize swali moja: namba hii na jina hili ni vya mtu mmoja? Jibu ni ndiyo au hapana. Ofisi haihitaji kujua dini yangu, wazazi wangu wala picha yangu. Kinachohatarisha faragha ni utaratibu wenu wa sasa. Kopi za vitambulisho vyetu sita nimeziona zimerundikwa sakafuni karibu na mlango, na nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye fomu ya mtu yenye namba yake ya simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Sijui kama muuza karanga ameisoma, lakini wewe unapaswa.

Mfano wa namna ya kufanya upo: Estonia, nchi ya watu kama milioni 1.3 tu, walianza 2001 kuunganisha daftari zao. Msingi wao hauna uchawi. Kila taarifa ina mwenyewe mmoja, na sheria inakataza ofisi kuanzisha daftari jipya la kukusanya kile ambacho daftari jingine linacho. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa mezani, kabla ya kununua kompyuta hata moja. Hapa tunaanza na kompyuta. Kila mradi unakuja na mfumo wake, warsha yake, posho yake na fulana zake. Mradi ukiisha, nywila inaondoka na mtaalamu, na idara inarudi kwenye daftari la mkono. Ukitembea jengo lako lote, kuanzia ardhi, afya, biashara hadi maendeleo ya jamii, utakuta jina langu limeandikwa kila mlango, kila mlango kwa namna yake. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Hakuna aliyepanga chochote.

Ninachotaka, basi. Namba ya NIDA ikaguliwe pale pale inapoingizwa, mwombaji akiwa bado amesimama kaunta. Fomu iliyojazwa kwenye simu isichapwe tena na binadamu yeyote. Kopi zenye muhuri zifutwe. Kosa la ofisi lisahihishwe na ofisi, na ofisa aliye mbele ya mwananchi apewe hicho kitufe. Kwa wenye vidole vilivyosuguliwa na jembe hadi kifaa hakivisomi, na huku wapo wengi, kuwe na njia nyingine ya kuwatambua, si kurudishwa nyumbani. Dirisha lisifungwe kwa aliyekwama kwa uzembe usio wake.

Na kuhusu milioni moja na laki mbili, nimeambatanisha nakala ya mkataba wa mashine, kopi moja tu, haina muhuri wa wakili. Tarehe imeandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, ili atakayeichapa upya awe na pa kuangalia.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Katibu wa kikundi