Watoto Wetu Wako Ndani ya Yeriko

Katoni zimefika tena. Safari hii ni sita. Ndani mna vitabu vya masomo ya Biblia kwa watoto, stika za nyota, na bango la Yesu mwenye nywele za rangi ya ndevu za mahindi. Jumamosi hii kamati ya ekodimu ya zoni yetu (shule ya Jumapili, kwa ninyi mliozoea kuiita hivyo) itakaa kuamua kama tuvifundishe mwaka mzima. Nasikia uamuzi umeshapikwa. Vitabu ni vya bure, na aliyevituma anasubiri picha za watoto wakiwa wameviinua juu. Mimi nimo katika kamati hiyo. Ni mdogo kuliko wote, na kikao kilichopita nilipoomba neno niliambiwa muda umekwisha. Basi neno langu naliweka hapa.

Nasema tusivifundishe.

Kabla baba wachungaji hawajakasirika, nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka miwili nilifundisha kwa kitabu kama hiki, kilichokuja kwa katoni kama hizi. Siku moja tulifika kwenye somo la Yeriko. Kitabu kilisema tupange viti kwa duara viwe ukuta, watoto wazunguke mara saba, wapige tarumbeta za karatasi, wapaze sauti, kisha wausukume ukuta uanguke. Viti hatuna. Tulipanga madumu ya maji. Jamani, watoto walifurahi! Hata mama waliokuwa wanapita njiani walisimama kutazama.

Mtoto mmoja tu hakusukuma. Ni wa miaka kama minane, mmoja wa wale waliovuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini mwaka 2023. Madumu yalipokwisha kuanguka akaniuliza: “Mwalimu, na watoto wenye walikuwa mule ndani?”

Nikafungua kitabu. Kilikuwa na jibu la kwa nini walizunguka siku saba. Kilikuwa na jibu la nani aliangusha ukuta. La watoto wa ndani hakuna. Nikamjibu la kichwani mwangu: “Walikuwa watu wabaya, hawakumtii Mungu.” Akanyamaza. Hakuuliza tena siku ile, wala Jumapili iliyofuata.

Ilinichukua muda kuelewa nilichomwambia. Mtoto yule anajua vizuri mji unavyoangushwa. Kijijini kwao watu walikuja wakipiga kelele, wakachoma, na waliobaki wakakimbia. Nami mwalimu wake, nimevaa shati safi la Jumapili, nilikuwa nimemwambia kwamba wanaovamiwa huwa wamestahili.

Ukisoma Yoshua sura ya 6 utaona Biblia yenyewe haikuficha kitu. Imeandika wazi kwamba waliuawa wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee. Aliyeficha ni mtu wa kitabu cha masomo. Alifuta watu akabakiza ukuta na tarumbeta, ili uwe mchezo. Simlaumu sana. Alikuwa anaandikia watoto ambao tangu wazaliwe hawajaona nyumba ikiwaka moto. Watoto wale wakisikia Yeriko, wanajiweka nje, pamoja na jeshi linalozunguka. Wetu wanajiweka ndani. Ndiyo tofauti yote hiyo, na hakuna stika ya kuiziba.

Wala si Yeriko tu. Nimevisoma vitabu vya mwaka huu, siku tatu, ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo sidhani wengi katika kamati wamelifanya. Somo la nne linamtaka kila mtoto achore chumba chake cha kulala. Somo la kumi na moja linamtaka asimulie jinsi baba yake anavyomtunza. Katika darasa langu wasio na baba ni wengi kuliko wenye baba. Na kuna wimbo mmoja unaorudi karibu kila somo: ukimtii Mungu, hakuna baya litakalokupata. Mtoto si mjinga. Baya lilishampata. Sasa atajumlisha mwenyewe: basi mama hakutii, au mimi sikutii.

Lugha nayo ni balaa. Watoto wetu shuleni wanasoma kwa Kifaransa, kwa mtaala wa Kongo. Wenzao Warundi walikuwa wakifuata mtaala wa Burundi. Nyumbani ni Kibembe, Kifuliru au Kirundi, na nje Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Sasa kitabu kinakuja na Kiswahili kilichofasiriwa neno kwa neno, kinamwambia mtoto “mpe jirani yako tano ya juu.” Mtoto akaniuliza: tano gani mwalimu, shilingi?

Najua nitakachojibiwa. Wa kwanza atasema: vitabu ni bure, nani anakataa cha bure? Hapa Nyarugusu tumeishi kwa kupokea tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996. Kwenye foleni ya mgao huchagui maharage, unachukua ulichopimiwa. Tabia hiyo imetuingia mpaka kanisani. Lakini maharage tunayakubali kwa sababu tumbo haliwezi kusubiri. Somo linaweza kusubiri. Mtoto akikosa kitabu Jumapili moja hafi, ila akifundishwa kwamba Mungu alikuwa upande wa waliochoma nyumba yao, hilo atatembea nalo miaka arobaini.

Wa pili atasema: Biblia yote ni Neno la Mungu, wewe nani uruke Yeriko? Sitaki turuke. Nataka tuisome yote, pale ambapo kitabu cha katoni kimeruka. Katika Yeriko ileile yumo Rahabu, ambaye hakuomba roho yake peke yake, aliombea baba, mama na ndugu zake, akafunga kamba nyekundu dirishani. Tuwasubiri watoto wafike miaka kumi na miwili, kisha tuisimulie kuanzia dirishani kwa Rahabu. Wakiuliza “na majirani zake je?”, mwalimu aseme “sijui, hata mimi linanisumbua.” Moniteri asiyeweza kutamka “sijui” mbele ya watoto asipewe darasa.

Wa tatu, na huyu ni mzee wangu ninayemheshimu, atasema: sisi tulifundishwa hivyohivyo, na imani tunayo. Shikamoo mzee. Imani mnayo, kweli. Lakini mnajua pia ni wangapi wa rika lenu waliokimbia kanisa kimyakimya kwa sababu hawakupata pa kuweka swali.

Sasa tufundishe nini? Hatuhitaji katoni. Tunahitaji Biblia moja, daftari, na walimu waliokaa pamoja kupanga. Biblia imejaa watoto kama wetu, na vitabu vya katoni huwapita kama hawaoni. Chukua Naamani, 2 Wafalme sura ya 5. Kila kitabu nilichowahi kushika kinafundisha kuoga mara saba mtoni. Ni nani aliyesema kwanza kwamba yuko nabii wa kumponya? Ni binti mdogo aliyetekwa na maaskari wa Shamu kutoka kwao, akafanywa mtumishi nyumbani kwa bwana huyohuyo. Jina lake halikuandikwa. Mtoto aliyetekwa vitani ndiye anayejua njia, na mkubwa wa jeshi anamsikiliza. Niliwahi kufundisha hivyo mara moja, na wasichana ambao huwa hawafungui mdomo walibishana nusu saa kama wao wangesema au wangenyamaza.

Chukua Hajiri jangwani, maji yamekwisha, amemweka mwanawe chini ya kijiti ili asimwone akifa. Chukua Danieli sura ya 1: vijana wanne wanapelekwa ugenini na kubandikwa majina mapya. Vitabu vyetu vinasema Shadraka, Meshaki na Abednego, yaani yale majina ya kubandikwa! Kwao waliitwa Hanania, Mishaeli na Azaria. Watoto ambao majina yao yameandikwa vibaya kwenye karatasi za kambi wataelewa somo hilo bila stika. Chukua Zaburi ya 13, ambapo mtu anamuuliza Mungu utanisahau mpaka lini, na hakuna anayemkemea. Fundisha watoto kwamba kuuliza hivyo ni kusali.

Sitaki pia tuwape watoto machozi kila Jumapili. Mtoto si mkimbizi saa zote. Anataka kucheka na Zakayo juu ya mti na punda wa Balaamu aliyemsemesha bwana wake. Wengi wamezaliwa hapahapa, hawajaiona Kongo. Nao wapate udongo wa kufinyanga na ngoma ya kupiga. Furaha iwepo, ila isisimame juu ya watu waliofutwa.

Nanyi wa mashirika mnaosoma kurasa hizi: najua mnasema mambo ya dini hayawahusu. Lakini mtoto ni yuleyule. Katika maeneo yenu rafiki kwa watoto hamleti mchezo kabla ya kuuliza utamwamsha nini mtoto aliyetoka vitani. Jumapili mtoto huyohuyo anakaa kwetu saa mbili, na mwalimu wake ni kijana kama mimi, ambaye hakuna aliyemfundisha afanye nini mtoto anaponyamaza ghafla. Tukaribisheni kwenye mafunzo yenu. Mkiwa na karatasi na mashine ya kuchapa, tusaidieni kuchapa masomo tutakayoyaandika wenyewe kwa Kiswahili na Kirundi. Na anayetaka kututumia vitabu atuulize kwanza tunafundisha nini, kabla ya kuuliza watoto wako wangapi.

Kwa kamati naomba mambo matatu Jumamosi. Kitabu chochote kisomwe chote kwa sauti, mbele ya walimu na mama watatu wenye watoto, kabla ya kupigiwa kura. Kila somo liulizwe: mtoto aliyefukuzwa kwao atajiona nani katika hadithi hii? Na kila somo liache nafasi ya swali ambalo mwalimu hana jibu lake. Kitabu kikishindwa, kirudishwe kwenye katoni, kwa shukrani na kwa barua ya heshima inayoeleza sababu. Barua nitaiandika mimi.

Yule mtoto nilimfuata baadaye. Nilimkuta bombani, kwenye foleni ya maji. Nikamwambia: lile swali lako la Yeriko nilikujibu vibaya. Hawakuwa wabaya wale watoto. Kwa nini ilikuwa vile sijui, lakini swali lako lilikuwa zuri. Akanitazama kidogo, akasogeza dumu lake mbele, akasema, “Mmoja alikuwa dada yangu.”

Kikao ni saa tatu asubuhi. Mwenye mtoto aje.